Kitabu cha Kliniki cha Kahindi

Marafa, alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu Sidi,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Umetoka hapa asubuhi kwenda Vitengeni kumuaga hawe, bibi yako, mkononi una hamri uliloliuma nusu, na kanga yangu mpya umejitanda bila kuniuliza. Hali yangu utaijua ukifika chini ya barua. Kwa hivyo tusipotezeane wino.

Habari za sweta, za chumvi, za kutomfungulia mtu mlango, sitaziandika. Nimezisema hadi kakako, ambaye hasikii, amechoka kuniona nikizisema.

Nimekaa barazani, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na kalamu ni ile yako uliyoisahau juu ya friji. Hii ni mara ya tatu naanza. Mara ya kwanza nilijaza ukurasa mzima kwa kukusifu. Nikausoma, nikauona mtamu, kisha nikauchana, kwa kuwa nilijua nakwepa. Mara ya pili nilianza na Mungu, nikaona namtanguliza Yeye ili nijifiche nyuma Yake. Sasa naanza na jambo lenyewe.

Sidi, swali unalokwenda kulitafutia jibu huko Ujerumani limesimama juu ya neno nililolisema mimi. Neno hilo ni la uongo.

Usiiweke barua chini. Nisome hadi mwisho, kwa mwendo wangu, maana unanijua: mimi siwezi kufika mahali bila kupitia kwa majirani.

Siku ile ya maonyesho ya utafiti chuoni Kilifi nilivaa gauni la kitenge alilonishonea kakako Kahindi, lile la mabega yaliyosimama. Ulikuwa umeniambia, "Mama, ni kikao kidogo tu, wanafunzi wataweka mabango yao ukutani." Mimi nikashuka na Mama Riziki, na mke wa mwinjilisti, na chakula cha watu ishirini. Ningefanyaje? Mtoto wa kwanza kutoka upande wetu huu kuwa na koti jeupe la maabara ni wangu, nami nikae nyumbani nipepete mchele?

Kabla sijalifikia bango lako nilikuwa nimekwisha kuwaeleza watu wawili nisiowajua biotini ni kitu gani. Niliwaeleza kama ulivyonieleza wewe jikoni, nami nikatia chumvi yangu. Nikawaambia, biotini ni vitamini. Mwili hauwezi kukitumia chakula bila hiyo, kama vile hanga haliwezi kulisha waombolezaji bila sufuria kubwa. Sasa hanga likiisha, watu wenye akili hukwangua ukoko, wakaisugua sufuria kwa majivu, wakairudisha kwa mwenyewe, kesho ikapike kwingine. Mwili wa mtu nao ndivyo ufanyavyo, biotini ile ile huitumia tena na tena. Lakini kuna watoto huzaliwa bila yule mwosha sufuria. Wewe unamwita kimeng'enya, neno lililonichukua wiki mbili kulitamka. Kwa watoto hao sufuria ikipikiwa mara moja inatupwa na ukoko wake, na baada ya muda nyumba haina sufuria. Dawa yao ni moja: kuletewa mpya kila siku, maisha yao yote.

Bwana mmoja mwenye miwani, nadhani alikuwa mwalimu wako, akacheka, akasema atawafundisha wanafunzi wake hivyo hivyo. Nikamwambia, "Fundisha tu, bwana, lakini useme ni ya Mama Sidi wa Marafa."

Kisha nikalifikia bango. Juu kulikuwa na michoro yako, mistari inayopanda na kushuka. Katikati kulikuwa na picha ya ukurasa nilioutambua kwa mbali kabla sijasoma neno, kwa lile doa la mafuta ya nazi pembeni. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha kliniki cha Kahindi. Umeupiga picha, umeukuza ukawa mpana kama sinia, na sentensi moja ya nesi umeizungushia duara jekundu: *Mama asema mtoto hakukosa dawa hata siku moja.*

Mama Riziki akanigusa kiwiko. "Mama Kahindi, si ni wewe huyo umeandikwa?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Na wewe ukasimama pale ukawaeleza watu, kwa sauti ile yako ya upole, kwamba watoto wa ugonjwa huu wakipewa biotini mapema na kila siku, masikio yao husalimika. Lakini kakako alipewa bila kukosa, na bado akawa kiziwi. Ukasema kuna jambo ndani ya mwili wake ambalo hakuna aliyelieleza, nawe unataka kulitafuta. Walimu wakatikisa vichwa kukubali. Swali zuri, wakasema. Ni kwa ajili ya swali hilo wamekupa nafasi huko uendako.

Nilipiga vigelegele kuliko wote.

Sasa nikurudishe nyuma, wakati ulikuwa mgongoni mwangu na hujaota jino. Kahindi alikuwa na miaka minne. Alikuwa mtoto mzuri, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu, uliza yeyote. Nywele zake zilikuwa nzito hata wembe ulilia. Kisha zikaanza kutoka. Kila asubuhi nilizikuta kwenye mkeka. Nyusi zikafuata. Ngozi ikachubuka kuzunguka mdomo na macho, nyekundu kama ya mtoto aliyemwagikiwa na uji. Akawa anayumba akitembea. Halafu ikaja degedege. Babako akasema ni nyuni, yule ndege wa kuwasumbua watoto. Tukamfukiza, tukamfunga, tukamwogesha majani. Nyuni hakuondoka.

Tukampeleka hospitali. Huko alikuwepo daktari mmoja mgeni, mama mfupi mwenye mvi, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alimtazama Kahindi mdomoni na machoni, akazishika nywele zake chache kwa vidole viwili. Akasema amewahi kumwona mtoto kama huyu kwao, mmoja tu. Akampa vidonge. Sidi, degedege ilikoma kabla ya wiki kwisha. Ngozi ikakauka. Mwezi uliofuata nywele zilichipua kama mtama baada ya mvua.

Daktari akanikalisha kitini. "Mama. Kila siku, moja."

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

Akagusa mvi zake. "Mpaka yeye nywele hivi."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Si kupona, mama. Ni kupewa."

Sikulielewa neno hilo. Miaka mingi baadaye, wewe ukinieleza jikoni habari za mwosha sufuria, ndipo nilipolisikia.

Miezi sita nilimpa. Kila asubuhi nilikisaga kidonge kwa kijiko nikakitia kwenye uji. Lakini hizo ndizo siku vidonge vya wenye ugonjwa ule vilipoanza kufika huku kwetu. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Ukisikia fulani "anameza kila siku", umesikia yote, na chakula chake huli. Wewe umekua wakati mwingine, huwezi kujua jinsi mtu alivyoweza kuwa peke yake katikati ya foleni.

Nakumbuka foleni yenyewe. Tulikuwa bombani. Mama Riziki, ambaye leo ni rafiki yangu na kesho atagombania kukubebea begi, alikuwa nyuma yangu. Aliuliza, si kwa ubaya, au pengine kwa ubaya kidogo:

"Mama Kahindi, yule mtoto bado yuwameza?"

"Yuwameza."

"Kila siku?"

"Ndivyo alivyosema daktari."

"Mpaka lini?"

Nikalitazama dumu langu. Ningesema mpaka aote mvi?

"Na wewe je, jirani? Ama ni mtoto pekee?"

Mwingine akasema, "Mwacheni mwenzenu, dumu lake limejaa." Wakacheka. Dumu lilikuwa halijafika nusu.

Asubuhi iliyofuata nilirudi nyumbani na mahamri nusu beseni yasiyonunuliwa. Mimi, ambaye mahamri yangu walimu walikuwa wakituma watoto wayanunue kabla jua halijapanda. Nilikaa jikoni nikayala mawili, nikayaona ni yale yale, iliki ni ile ile. Nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Hasira yangu haikuwa kwa Mama Riziki. Ilikuwa kwa lile kopo la vidonge.

Jumapili mwinjilisti akauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Nilisimama kabla sijafikiri. Nikamsimamisha Kahindi juu ya benchi, nikawaita watu waje wazipapase nywele zake. Nikasema, alikuwa kipara, mtazameni. Alikuwa na degedege, leo anawashinda wenzake mbio. Bwana amemponya, amemaliza, hakuna dawa tena.

Hayo maneno "hakuna dawa tena" hayakuwa kweli nilipoyasema. Asubuhi ile ile alikuwa amekunywa uji wake na kidonge ndani. Lakini vigelegele vilipigwa hadi mabati yakalia, Mama Riziki akanikumbatia machozi yakimtoka, na mimi nikatembea kurudi kwangu kama bibi harusi.

Jumatatu nilikishika kidonge, na kijiko mkono wa pili. Mama Riziki akabisha hodi uani, amekuja kuazima ungo. Nikakirudisha kidonge koponi. Nikasema nitampa jioni. Jioni nikasema kesho. Siku ya nne nikajiambia, kama nina imani nampa kwa nini? Nikalichukua kopo nikavimwaga vidonge chooni. Kopo lenyewe nikatilia iliki.

Asije mtu akamlaumu mwinjilisti. Hakuna aliyeniambia niache dawa. Ningemuuliza, angeniambia nimpe mtoto dawa na nimshukuru Mungu kwa dawa. Sikumuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Nywele zilipoanza kutoka tena, nilimvika kofia. Nilimfumia mwenyewe, ya rangi mbili. Watu wakaisifu.

Siku hizo kulikuwa na muuza mkate akija na baiskeli, ana honi ya mpira. Honi ikilia, Kahindi huruka, hata kama yuko uchi namwogesha. Basi ulikuwa mwezi wa tano bila dawa. Muuza mkate akapiga honi. Kahindi alikuwa amechuchumaa mchangani, amenipa mgongo, anachora kwa kijiti. Honi ya pili. Muuza mkate akanitazama, akacheka, "Leo bwana amenuna." Akaisukuma baiskeli hadi nyuma yake kabisa, akapiga ya tatu. Wewe mgongoni mwangu ulishtuka ukalia. Kahindi aliendelea kuchora.

Nilisogea nikaangalia. Alikuwa anachora baiskeli.

Tulikwenda hospitali siku hiyo hiyo, mimi na babako. Yule daktari mwenye mvi alikuwa amerudi kwao. Nesi alifungua kitabu cha kliniki, akauliza bila kuniangalia, "Dawa alikuwa akipewa?"

Babako alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikasema ndiyo.

"Kila siku?"

Nikasema, "Hakukosa hata siku moja."

Nesi akaandika. Wajua nilisoma hadi darasa la sita, na katika wasichana nilikuwa wa kwanza, kwa hivyo niliweza kumsoma akiandika, ijapokuwa kitabu kilinielekea kichwa chini. Nilisoma herufi moja moja. Nilikuwa na nafasi ya kumzuia hadi alipoweka nukta.

Wakamrudishia biotini. Ngozi ikapona, nywele zikarudi, kofia nikaichoma. Masikio hayakurudi. Tangu siku ile hakukosa, mwanangu. Mvua, njaa, mgomo wa wauguzi, nilivitafuta vidonge hadi maduka ya dawa ya Malindi na kwingineko, hadi wewe ulipokua ukaichukua kazi hiyo. Ile sentensi ya nesi nimeifanya iwe kweli kwa miaka yote hii. Imechelewa miezi mitano tu.

Babako, Mungu amrehemu, alimlaani yule daktari. "Dawa zake ndizo zilizomziba mwanangu masikio." Alisema hivyo kwenye mahanga ya watu wengine, hadi ikafika zamu ya lake. Mimi nilikuwa nikipita na birika la chai nikimimina, naye akiniuliza mbele za watu, "Si ndivyo, Mama Kahindi?" Nami nikimjazia kikombe. Mtu aliyetutendea wema kuliko ndugu, nikakubali abebe lawama yangu. Nimejaribu kulikumbuka jina lake mara nyingi mwaka huu. Nakumbuka mvi zake, na vile vidole viwili. Jina silikumbuki.

Na unakumbuka uliponiuliza kwa nini nimejibandika Mama Sidi, ilhali kifungua mimba ni Kahindi? Nilikuambia ni kwa sababu ya digrii yako. Ukacheka, ukasema, "Mama yangu kwa majivuno!" Ni kweli, majivuno yapo. Lakini pia kila nikiitwa Mama Kahindi naisikia ile foleni ya bomba.

Nilikuwa nimekata shauri nife na uongo wangu. Kisha mwaka jana ukaja nyumbani macho mekundu, ukakaa kwenye kibao cha mbuzi bila kukuna nazi. Friji ya maabara ilikuwa imezimika, stima zimepotea siku mbili, na sampuli zako za wiki sita zimeharibika.

Nikakuuliza, "Nani anajua?"

"Mimi."

"Na mwingine?"

"Hakuna. Kwa macho ziko vile vile."

"Basi nyamaza, mamangu. Endelea nazo. Nani atakuuliza?"

Ukanitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Ukasema, "Mama, kuna mtu atakuja nyuma yangu ajenge juu yake. Itamwangukia yeye."

Kisha ukatoa daftari lako la maabara unionyeshe. Mahali ulipokosea hukuchana karatasi. Hukupaka ile rangi nyeupe ya kufutia. Umepiga mstari mmoja mwembamba juu ya maneno, ili lililokosewa lisomeke bado, na pembeni umeandika lililo kweli, na tarehe, na jina lako. "Ndivyo tunavyofundishwa," ukasema. "Kosa halifichwi. Nalo ni habari."

Nikasema nakwenda kuangalia mbaazi. Mbaazi zilikuwa zimeiva zamani.

Juu ya ukweli, basi, sina la kukufundisha, wewe ndiye uliyenifundisha na hukujua. Lakini juu ya sifa nimesoma hadi mwisho. Sifa ni tamu, nami sitakuambia usizipende, nitakuwa mnafiki. Ila nimeona hivi: watu wakishakupigia vigelegele kwa jambo, jambo hilo linakuwa bwana wako. Unaanza kulilinda hata likianza kuoza. Iko siku utasimama mbele ya wakubwa na jibu zuri, watakupigia makofi, na Jumatatu utakuta kidonge kiko mkononi na Mama Riziki yuko uani. Huko nako wapo akina Mama Riziki, hata kama wana digrii. Kisage mbele yake, Sidi. Aone kijiko. Akienda kusema, na aseme.

Jana nilishuka Malindi nikamwambia Kahindi kwanza. Niliona si haki usome wewe kabla ya mwenye masikio. Nilimkuta kwenye cherehani yake, barazani kwa yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, anamalizia koti lako la safari. Zile ishara zetu za nyumbani zilinipotea. Nilionyesha kopo, nikaonyesha choo, nikainua vidole vitano, naye akaniangalia kama anayejiuliza nimekula nini. Mwishowe nikachukua kipande cha karatasi yake ya kukatia gauni nikaandika: *Mimi ndiye niliyeacha kukupa dawa.*

Alisoma. Mguu wake ukasimama kwenye kanyagio. Unajua yeye huisikiliza cherehani kwa unyayo, hujua sindano imechoka kabla ya mafundi wenye masikio. Kisha akachukua chaki, akaandika juu ya kitambaa cheusi cha mteja: *Sidi anajua?*

Nikatikisa kichwa kukataa.

Akafuta kwa kiganja, akaandika: *Mwambie kabla. Si baada.*

Akarudi kushona. Nilikaa pale chini hadi duka likafungwa, mzee wa Kihindi akaniletea soda, akaniuliza kama kuna msiba. Kahindi hakuniangalia tena. Leo umeondoka tu, naye akafika na koti lako. Akalilaza kitandani, akalinyoosha mikono, akanipita. Mlangoni alichukua hamri moja kwenye beseni. Sijui maana yake. Sitakudanganya kwamba ni msamaha.

Nami pia sijui ukweli huu utalifanya nini swali lako. Pengine litakufa. Pengine wale waliokuchagua watauliza maswali yao, na nafasi uliyoihangaikia itayumba. Hilo ndilo lililonifunga mdomo tangu siku ya bango, na nilikuwa nikijiambia ni mapenzi, namlinda mtoto. Hadi nilipoona kwamba nafanya lile lile tena: namnyima mtoto wangu kitu anachokihitaji kwa sababu vigelegele vimekwisha kupigwa. Safari hii nimekisaga.

Au pengine chini ya swali lako kuna jingine. Mtoto alipewa dawa, akainuka, na mamake alikuwa na kopo zima ndani ya nyumba, na bado akaachishwa. Ugonjwa huo nao ni wa mwili gani? Nani anautafutia dawa? Mimi sijui. Mwenye elimu ni wewe, na hili bado nitalisema kwa watu.

Ukirudi jioni utaikuta bahasha hii juu ya koti, kabla wageni hawajajaa. Nitakuwa jikoni nakanda unga wa mahamri ya safari. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, nitayakaanga vile vile, nawe utayabeba.

Ndani ya bahasha nimetia kitabu cha kliniki, chenyewe, si picha. Fungua ukurasa wenye doa la mafuta ya nazi. Nimepiga mstari mmoja juu ya ile sentensi, mwembamba, kwa rula ya Kahindi, na bado inasomeka. Pembeni nimeandika: *Si kweli. Nilimpa miezi sita, nikaacha miezi mitano, kwa haya na majivuno. Daktari alinieleza vizuri. Nesi aliandika nilivyomwambia.* Nimetia tarehe ya leo. Ukiipiga picha, ikuze kama ile ya kwanza.

Kwenye jina nilianza kuandika Mama Sidi. Nikapiga mstari mmoja juu yake, nikaandika lililo kweli.

Ni mimi mzazi wako,
Mama Kahindi